Skripti ya 2018 inatoa majibu mengine leo, halafu naambiwa "weka metadata". Metadata ipi?

Kisiki_cha_Mwembe #1 (mleta uzi)
Wakuu salaam.

Nimeajiriwa mwaka huu kituo kimoja cha utafiti, jina naliacha maana kazi bado naitaka. Jukumu langu la kwanza ni kuorodhesha programu zote za kisayansi ambazo kituo kimeandika chenyewe tangu kianze, mfadhili anataka orodha, kila programu iwe na metadata (yaani maelezo ya programu yenyewe), na ameandika "weka kodi wazi kwa umma". Fomu sijapewa, mfano sijapewa. Nimepewa flashi mbili na paswedi ya kompyuta ya zamani iliyoko stoo.

Folda ya kwanza niliyofungua ni utafiti wa kaya wa 2018. Nimekuta hivi:

sampuli.R
sampuli_mpya.R
sampuli_mpya_FINAL.R
sampuli_FINAL_usiguse.R
sampuli_FINAL_usiguse (2).R

Hakuna README (faili la maelezo), hakuna jina la mtu, ndani hakuna hata tarehe. Kazi ya skripti ni kuchagua kaya 120 kutoka vitongoji 6, kila kitongoji kaya 20. Nikasema ngoja niiendeshe hiyo ya "usiguse" nione kama itatoa orodha ile iliyoko kwenye kiambatisho cha ripoti. Skripti ni ya R, lugha ya takwimu. Data ni ileile, na set.seed(2018), ile inayofanya bahati nasibu itoke vilevile kila mara, ipo pale juu. Imeleta kaya nyingine kabisa! Zinazofanana na za kwenye ripoti ni arobaini na kitu, ambazo nadhani zimegongana kwa bahati tu.

Maswali mawili. Kwa nini imetokea hivi? Na hiyo metadata ninayodaiwa, ingekuwepo tangu mwanzo ingenisaidia nini hapa, au ni makaratasi ya kumfurahisha mfadhili tu?

Chumvi_ya_Uvinza #2
"usiguse (2)" maana yake kuna mtu aliigusa 😂😂

Mtoto_wa_Posta #3
Mkuu mbona hilo jepesi, kuna mtu kabadilisha data baada ya ripoti kutoka. Nimefanya kazi za sensa na tafiti miaka kumi, orodha ya kaya haijawahi kubaki kama ilivyo, mwenyekiti wa kitongoji anakuja na kaya mbili zilizosahaulika, wanaziingiza, hakuna anayeandika.

Kisiki_cha_Mwembe #4
Mtoto_wa_Posta hapana, idadi ya mistari ni ileile iliyotajwa kwenye ripoti, kitongoji kwa kitongoji. Nimehesabu.

Nahodha_wa_Takwimu #5
Mleta uzi unatumia R toleo gani? Na mwandishi alitumia gani?

Nauliza kwa sababu R 3.6.0, iliyotoka Aprili 2019, ilibadilisha namna sample() inavyochagua. Njia ya zamani ilikuwa na upendeleo kidogo hasa namba zikiwa kubwa sana, wakairekebisha. Kwa hiyo set.seed ileile na data ileile, R ya 2018 inatoa kaya hizi na R ya leo inatoa kaya zile. Wala si kosa la mtu. Ongeza mstari huu juu ya set.seed uone:

RNGkind(sample.kind = "Rounding")

Itakupigia kelele na onyo, lipuuze.

Dada_wa_Maktaba #6
Nahodha umemjibu swali la kwanza na la pili kwa pamoja bila kujua. Mstari mmoja tu, "imeendeshwa kwa R toleo fulani", ungekuwepo kwenye ile folda, huu uzi usingekuwepo.

Chumvi_ya_Uvinza #7
Tungekosa kumjua mzee wa usiguse

Mzungu_wa_Reli #8
Mimi naona ni ile habari ya stringsAsFactors, R 3.6 walibadilisha maneno yasigeuzwe kuwa factor (makundi) wakati wa kusoma faili. Ilinitesa sana nikiwa masta.

Nahodha_wa_Takwimu #9
Hiyo ni 4.0.0 ya 2020 mkuu, si 3.6. Ila ni mfano mzuri wa jambo lilelile, skripti haijaguswa na dunia imesogea.

Kisiki_cha_Mwembe #10
Nimejaribu ya Nahodha. Onyo limetoka, na matokeo ni ya ajabu. Majina ya vitongoji nayabadilisha, ila yako hivi: Bondeni, Chekeleni, Forodhani, kwa Mduma, Mlimani, Zahanati. Vitatu vya kwanza sasa vimelingana na ripoti kaya kwa kaya, 60 kwa 60! Kuanzia hapo, vitatu vilivyobaki, vurugu tupu.

Kwa hiyo seed ni sahihi na faili ndilo lenyewe. Kitu gani kinaharibika katikati ya safari?

Mtoto_wa_Posta #11
Nimeshasema. Data. Kuanzia kitongoji cha nne mtu kaongeza, mwingine kapunguza, idadi ikabaki sawa.

Mwalimu_Njiti #12
Wakati wataalam wa R wanapambana, nijibu swali la pili maana ndilo kichwa cha uzi.

Kuna faili linaitwa CITATION.cff, unaliweka kwenye folda ya juu kabisa ya mradi. Ya lazima ni mambo manne tu: cff-version, message, title na authors. Ukiongeza version, date-released, license, na kiungo cha repo (ghala la programu mtandaoni) umemaliza. GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, tangu 2021 inalisoma yenyewe na kumwekea msomaji kitufe cha kunukuu. Unaandika dakika kumi, chai haijapoa.

Kabati_Bovu #13
Dakika kumi za nani mwalimu? Mimi lilinichukua asubuhi nzima kwa sababu niliweka tab badala ya nafasi na YAML, mtindo unaoandikiwa faili hilo, haukubali tab. Halafu likaja la pili. Programu yetu ilikuwa toleo la 1.10, nikaandika version: 1.10, kule mbele ikasomeka 1.1! Toleo la kumi likarudi kuwa la kwanza. Kumbe YAML inaona namba yenye desimali na sifuri ya mwisho inaitupa. Lazima uweke alama za kunukuu, "1.10". Watu wawili walituandikia kuuliza mbona tumerudi nyuma.

Chumvi_ya_Uvinza #14
Kurudi nyuma si tatizo la YAML peke yake, angalia timu yangu msimu huu

Mama_Kodi #15
Naomba kuuliza, nimeingia humu nikidhani mnaongelea kodi. Kuna mtu kwenye utangulizi kasema "weka kodi wazi kwa umma". TRA wanajua?

Mwalimu_Njiti #16
Hahaha dada hiyo ni msimbo, maandishi ya programu. Ndiyo maana mimi nasema msimbo, vijana wakisema "kodi yangu imegoma" nadhani mwenye nyumba kaja.

Dada_wa_Maktaba #17
Nirudi kwa Mwalimu. CITATION.cff ni nzuri ila inajibu swali moja tu, "nikunukuu vipi". Mtu anayetafuta programu hatafuti jinsi ya kuinukuu, anatafuta inayofanya kazi yake. Ni sawa na kitabu kuwa na jina la mwandishi na mwaka halafu hakina somo, rafuni ukiweke wapi?

Wenzetu wa biolojia wana rejista inaitwa bio.tools, iko chini ya ELIXIR, mtandao wa data za biolojia huko Ulaya, na wanatumia msamiati mmoja uitwao EDAM. Pale kila programu inaelezwa kwa kazi inayofanya: inaingiza nini, kwa umbo gani la faili, inafanya tendo gani, inatoa nini. Kwa skripti ya Kisiki ingekuwa: inaingiza CSV (jedwali la maandishi) ya kaya zenye safu ya kitongoji, inachagua bila mpangilio ndani ya kila kitongoji, inatoa CSV ya kaya 120. Sentensi moja. Mtu wa Mtwara akitafuta skripti ya kuchagua kaya anaipata, haandiki nyingine kutoka sifuri.

Wanaastronomia ndio wazee wa mambo haya, orodha yao ya ASCL ipo tangu 1999.

Jogoo_la_Eldoret #18
Niaje wadau. Dada wa Maktaba nakubaliana na wewe ila hapo kwa "sentensi moja" mimi nakataa kidogo. Nimefanya na OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, miaka kadhaa, na pale ugonjwa ama kipimo chochote ni concept (dhana) yenye UUID yake, namba ya kipekee, jina ni kitu kingine unaweza ukabadilisha, ukaweka Kiswahili, Kifaransa, hakuna shida. Sentensi tamu ni ya mtu kusoma. Mashine inataka kitambulisho. Watu wanaandika "household sampling", mwingine "sampuli ya kaya", mwingine "HH selection", na hizo zote ni kitu kimoja lakini ukitafuta unapata moja.

Mzungu_wa_Reli #19
OpenMRS si ya Wamarekani ile

Jogoo_la_Eldoret #20
Ni ya Wamarekani na ya Eldoret bana! Ilianza 2004, Regenstrief Institute ya Indiana pamoja na watu wa Moi University, kwa sababu wagonjwa wa HIV hapa kwetu walikuwa wanaongezeka na rekodi zilishinda mfumo uliokuwepo. Usituibie.

Mzungu_wa_Reli #21
Samahani mzee, nimesahihishwa 🙏

Mkemia_Mstaafu #22
Kisiki, mwanangu, hicho kisa chako cha vitatu vya kwanza kulingana na vya mbele kuvurugika kimenikumbusha jambo. 2019 watu wa Hawaii waligundua kwamba skripti za Python zilizochapishwa 2014 za kukokotoa NMR (kipimo cha kutambua molekuli) zilikuwa zinatoa jibu tofauti kulingana na mfumo wa kompyuta. Sababu ikawa ndogo mno: skripti inaomba orodha ya mafaili, mfumo mmoja unaleta yamepangwa, mwingine unaleta ovyo, na hesabu ilitegemea mpangilio. Miaka mitano watu wametumia.

Angalia mpangilio wa vitongoji vyako. Hiyo "kwa Mduma" yenye k ndogo inanitia shaka.

Nahodha_wa_Takwimu #23
AISEE. Dokta shikamoo.

Kisiki, skripti inatumia dplyr, kile kifurushi cha R? Kuna arrange(), amri ya kupanga, kabla ya kuchagua?

Kisiki_cha_Mwembe #24
Ipo. arrange(kitongoji) halafu loop ya unique(), inapita kitongoji kimoja kimoja.

Nahodha_wa_Takwimu #25
Basi ni hivi. arrange() ya zamani ilipanga kwa kufuata lugha ya kompyuta, kwa hiyo kwa Kiingereza "kwa Mduma" inakaa kati ya Forodhani na Mlimani, herufi ndogo haijali. Kuanzia dplyr 1.1.0 ya mwanzoni mwa 2023 inapanga kwa mtindo wa C, ambao herufi kubwa zote zinatangulia na ndogo zinafuata. Kwa hiyo kwako leo "kwa Mduma" imekwenda mwisho kabisa, baada ya Zahanati. Namba za bahati zinatoka kwa foleni, wa nne kwenye foleni sasa ni Mlimani, kala namba zilizokuwa za kwa Mduma, na wote waliofuata wamesogea.

Weka hii juu:

options(dplyr.legacy_locale = TRUE)

Mtoto_wa_Posta #26
Herufi k moja??

Mkemia_Mstaafu #27
Marahaba Nahodha. Herufi k moja ndiyo.

Mwana_Uholanzi #28
Nasoma huku Uholanzi, nimefuatilia tangu mwanzo. Naona mnazungusha maelezo ya aina mbili kama kitu kimoja. Ya Dada wa Maktaba ni ya kutafutia, hii ya R 3.6 na dplyr ni ya kurudia. Ya pili huandiki kwa mkono, hakuna binadamu atakayekaa kuandika matoleo ya vifurushi 60. Unaitoa kwa mashine: renv inakuandikia renv.lock, orodha ya matoleo yote, au angalau mwishoni mwa skripti weka sessionInfo() uihifadhi kwenye faili, na kwenye sessionInfo hata locale (lugha ya kompyuta) inatoka! Lile suala la k ndogo lingeonekana pale. Python vivyohivyo, pip freeze.

Ya kwanza ndiyo ya mkono na ndiyo watu wanaikimbia.

Kabati_Bovu #29
Wanaikimbia kwa sababu hailipi. Nimeandika programu inayotumiwa na wilaya kadhaa, kwenye pepa nimetajwa kwenye shukrani, "tunamshukuru kijana wa IT". Kijana wa IT nina miaka 44.

Mwalimu_Njiti #30
Ndiyo maana nasema cff, jina lako linakaa pale

Kabati_Bovu #31
Jina lipi sasa? Cff inataka given-names na family-names. Mimi nina jina langu, la baba na la babu. Pepa moja nimeandikwa kwa la babu, nyingine kwa la baba, na kwenye GitHub najiita kwa utani wa shule. Ukitafuta kazi zangu utadhani tuko watatu na wote hatujasoma.

Dada_wa_Maktaba #32
Hili jambo maktaba tumelipigania miaka mingi kuliko umri wa kompyuta zenyewe. Mwanamke anaitwa Asha binti Juma Mohamed, huyu anamwingiza kwenye M, yule kwenye J, na wa tatu anaona "binti" ni jina la ukoo anamweka B. Kwenye cff kuna sehemu inaitwa name-particle, wameitengenezea akina "von" na "van". Je "bin" na "binti" vikae hapo? Mimi naona hapana, maana kwetu kinachofuata si ukoo, ni jina la baba. Mwenzangu wa Unguja anaona ndiyo, tumebishana hadi tukaacha kunywa chai pamoja wiki nzima.

Suluhisho la kujikinga ni ORCID, ile namba ya tarakimu 16. Majina yabadilike, namba inabaki. Kabati jisajili, ni bure.

Pwani_Mchangani #33
Mimi ndiye mwenzake wa Unguja na chai alikuwa hanunui yeye.

Dada_wa_Maktaba #34
🤐

Kisiki_cha_Mwembe #35
Wakuu nimerudi. Nimeweka mistari yote miwili. Bondeni 20 kwa 20. Chekeleni, Forodhani, Mlimani, Zahanati zote 20 kwa 20. Nimekaa naangalia skrini kama mtu aliyeona mwezi.

Ila kwa Mduma ni 14. Kaya sita kwenye ripoti hazimo kwenye skripti, na sita za kwenye skripti hazimo kwenye ripoti.

Mtoto_wa_Posta #36
DATA. Tangu #3 nasema.

Nahodha_wa_Takwimu #37
Data kubadilika sidhani, idadi ya mistari ni ileile na vitongoji vingine vitano vimelingana vyote. Lakini sikatai kwamba kaya zilibadilishwa baada ya kuchaguliwa. Hiyo hufanyika uwandani.

Chumvi_ya_Uvinza #38
Au ile (2) ndiyo yenye jibu. Fungua bana

Mwana_Uholanzi #39
Kabla hujapeleka popote, fikiria pia utaweka wapi. Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya CERN, inakupa DOI (kitambulisho cha kudumu cha kunukuu) bure, na ukiunganisha na GitHub kila toleo linahifadhiwa lenyewe. Angalizo mawili yaliyonipata mimi. Washa kile kitufe cha kuunganisha KABLA ya kutoa toleo, matoleo ya nyuma haiyachukui. Na ukiwa na .zenodo.json na CITATION.cff pamoja, Zenodo inasoma ya kwanza na cff inaiacha, mimi nilisahihisha jina la mwenzangu kwenye cff mara tatu na halibadiliki, kumbe nasahihisha faili lisilosomwa.

Utapata DOI mbili pia, moja ya toleo na moja ya programu nzima. Kwenye pepa nukuu ya toleo ulilotumia.

Jogoo_la_Eldoret #40
DOI ni lebo tu, mtu anaibandika. Ukitaka kujua msimbo ni uleule tumia Software Heritage, hifadhi ya misimbo ya Inria Ufaransa, wako tangu 2016. Kitambulisho chao SWHID kinakokotolewa kutoka kwa maandishi yenyewe, ukibadilisha koma moja kinabadilika, na mtu yeyote anaweza kukikokotoa kwa kompyuta yake bila kumuuliza mtu. Sasa ni hadi kiwango cha ISO, 18670. Na si lazima uwe mwenyewe, repo yoyote iliyo wazi unaweza kuwaombea waihifadhi. Google Code ilipofungwa wao ndio walibeba mizigo.

Mwana_Uholanzi #41
Lakini SWHID haimwambii mtu nani kaandika wala leseni gani, kaka. DOI ina rekodi nyuma yake.

Jogoo_la_Eldoret #42
Na hiyo rekodi kaandika nani? Mtu. Yule yule wa final usiguse.

Muuguzi_Mkuu #43
Samahani kuwakatiza, kabla mleta uzi hajapandisha hiyo folda kokote, ndani kuna orodha ya kaya? Kuna majina ya wakuu wa kaya, kuna GPS? Nimeona skripti imepandishwa na paswedi ya seva iko mstari wa tatu, na kando yake CSV ya wagonjwa. Hizo hifadhi zimetengenezwa zisipoteze kitu, ndiyo sifa yao, sasa ukikosea kufuta ni shughuli. Andika metadata ya data, eleza safu zake, sema ipo kwa nani na inaombwaje. Kaya zenyewe zibaki nyumbani.

Kisiki_cha_Mwembe #44
Asante dada, GPS zipo. Sikuwa nimewaza.

Mzungu_wa_Reli #45
Na leseni? Nikiiona kwenye intaneti si naruhusiwa kuitumia

Mwalimu_Njiti #46
Hapana. Programu ya kompyuta inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kama hakuna leseni huna ruhusa hata kama iko wazi machoni. Na uandike kwa kifupi cha SPDX (orodha ya vifupi vya leseni), MIT au GPL-3.0-or-later, usiandike "bure kwa wote kwa nia njema" kama nilivyoona pahala.

Kabati_Bovu #47
Hiyo ya nia njema ilikuwa yangu 😅

Mama_Kodi #48
Bado nipo. Sielewi kitu ila sita za kwa Mduma zinaninyima usingizi.

Kisiki_cha_Mwembe #49
Mrejesho. Ile kompyuta ya stoo nimeiwasha, kibodi haina kitufe cha N, R haimo, kuna SPSS na picha za harusi ya mtu. Kwa hiyo hapo hakuna kitu.

Nimempata kwa simu aliyeandika skripti, aliondoka 2020. Mtu mwema kabisa. Anasema zile sita walikataa kuhojiwa, wakachukua kaya za jirani. Nikampigia aliyekuwa msimamizi wa uwandani. Yeye anasema hakuna aliyekataa, kulikuwa na mvua, mto ulijaa, kaya sita ziko ng'ambo, hawakuvuka. Kila mmoja ana uhakika na mwenzake anasahau.

Nahodha_wa_Takwimu #50
Na hizo si sababu sawa kitakwimu. Waliokataa ni jambo moja, waliokaa ng'ambo ya mto ni jambo lingine, wale wa mtoni ndio wenye mbu. Utafiti ulihusu nini?

Kisiki_cha_Mwembe #51
Vyandarua.

Nahodha_wa_Takwimu #52
Eh.

Mtoto_wa_Posta #53
Mimi namwamini msimamizi. Mvua haisahauliki ukiwa na buti moja.

Mkemia_Mstaafu #54
Mimi namwamini mwandishi, maana mtu anayeandika "usiguse" huwa anakumbuka kwa nini. Angalia GPS za zile sita mpya, ziko upande gani wa mto.

Kisiki_cha_Mwembe #55
Nimeangalia dokta. Nne upande huu, mbili upande ule.

Chumvi_ya_Uvinza #56
😂😂😂 nimeanguka

Dada_wa_Maktaba #57
Sasa hili unaliweka uga gani? Codemeta, mtindo mwingine wa metadata ya programu, ina nafasi ya mwandishi, mfadhili, lugha ya programu, mahitaji ya mfumo, hata programu inayotegemewa, na wana jedwali zuri la kulinganisha uga zao na za Zenodo na za vifurushi vya R. "Mto ulijaa" haupo.

Mwana_Uholanzi #58
Si metadata ya programu hiyo, ni ya data. Programu ilifanya kazi yake, binadamu wakabadilisha baadaye.

Dada_wa_Maktaba #59
Na mtu akiendesha programu akapata 114 tu zinazolingana na ripoti badala ya 120, ataangalia wapi? Kwenye data ambayo hapewi kwa sababu ya GPS? Ataangalia kwenye folda ya programu.

Kisiki_cha_Mwembe #60
Nimefanya hivi hadi jioni hii. sampuli_FINAL_usiguse.R sikuigusa hata herufi. Pembeni nimeweka faili jipya lenye ile mistari miwili ambalo ndilo linaiita. CITATION.cff ipo, toleo liko ndani ya alama za kunukuu, asante Kabati. Jina la mwandishi nimemuuliza mwenyewe anataka liandikweje, kaniambia tumia la baba. Maneno ya kutafutia nimeweka ya Kiswahili na Kiingereza yote. Leseni kituo hakijaamua, nimeandika "haijaamuliwa" na tarehe.

README ina aya moja ya R 3.6.0 na k ndogo, na aya moja inayosema kaya 6 za kitongoji cha nne hazitoki kwenye skripti, maelezo mawili, nani kasema lipi na lini.

Bosi kasoma, kaniambia aya ya mwisho itoke, mfadhili atauliza maswali. Bado ipo.

Folda zilizobaki ni 37.

Chumvi_ya_Uvinza #61
Na ile (2)?

Kisiki_cha_Mwembe #62
Ile (2) sijaifungua.